Mia Nne na Nyongeza Yake

Ukinunua fagio kwa Mwamini wa Masaki, Masaki ya Kisarawe nasema, si ile ya mabalozi, usijidanganye kwamba utalipa uondoke zako. Utaitwa. "Wewe! Mbona unaniachia nyongeza yako?" Na kama umeshapanda bodaboda, dereva atasimamishwa. Ukinunua fagio moja unapewa ndimu mbili au kipande cha muhogo. Ukinunua kumi unapewa kifagio kidogo cha jikoni. Ukinunua mia unapewa matano juu, na hayo matano ni mazuri kuliko mia nzima uliyolipia: chelewa zake ndefu, zimeparuliwa mpaka zinateleza, na kiuno kimefungwa kwa ukili, ule msuko wa miyaa, uliotiwa rangi, zambarau na kijani, wakati mengine yote yamefungwa kwa kamba ya kawaida.

Utaratibu huo aliurithi kwa mama yake, marehemu bi Kudra, mwanamke mkali wa maneno na mwepesi wa mkono. Bi Kudra alisema mteja akifika nyumbani kwake hana habari na kile alicholipia, hicho ni haki yake. Anakitazama kile alichopewa. Kwa hiyo cha kupewa ndicho ukifunge kwa roho yako yote. "Anayetoa kamili," alikuwa akiuliza, "ametoa nini sasa?" Alisoma ngumbaru akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alipojua herufi hakuacha kitu: vibandiko vya dawa, magazeti yaliyofungiwa vitumbua, barua za watu, hasa zenye mhuri. Picha yake ipo sebuleni kwa Mwamini, amejitanda kanga, macho ameyakaza kwenye ukuta wa pili kana kwamba kuna tangazo.

Mwamini mwenyewe ana miaka hamsini na moja. Mumewe, Kitwana, alifariki akamwachia nyumba, minazi kumi na tisa, na wifi. Huyo wifi ni Sada, dada wa marehemu, aliyekuwa akichoma mkaa mpaka kifua kikaanza kukoroma. Daktari akamwambia moshi basi. Sada akamuuliza daktari, "Na kula?" Daktari hakuwa na dawa ya hilo. Basi Mwamini akamfundisha kufunga mafagio, na kumbe mkono wa Sada ulikuwa umezaliwa kwa kazi hiyo. Ukili wa rangi alioufunga yeye haulegei hata fagio liishe chelewa zote.

Haya, siku moja akaja afisa maendeleo ya jamii, akawakusanya wanawake kwenye ofisi ya kijiji, akasema mnunuzi mkubwa kuliko wote nchi hii ni serikali, na sheria inataka sehemu ya manunuzi yake iende kwa vikundi vya akina mama, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Wengine walipiga makofi na kusahau. Mwamini hakusahau. Alikaa anawaza: kila ofisi ina uwanja, kila uwanja una mti, kila mti unadondosha majani. Serikali inafagia kila siku ya Mungu! Anayeiuzia ni nani, na kwa nini si mimi?

Wakaunda kikundi, wanawake wanane, Mwamini mwenyekiti. Na hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuzunguka, na mpaka leo hakijatulia.

Aliambiwa aende Kongowe, Kongowe ya Kibaha, nayo usiichanganye na ile ya Mbagala. Majina ya mkoa wetu yana ugomvi na Dar tangu zamani. Huko kuna steshenari ya Flaviana, mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri, aliyestaafu ukatibu muhtasi. Flaviana anachapa kwa vidole kumi bila kutazama, na anaigombeza kompyuta kama mke mwenza. Mwamini alifika kwake akiwa na fagio moja ndani ya kanga, la kuonyesha.

"Weka fagio lako chini, Mama Firdausi," Flaviana akamwambia, maana Firdausi ndiye mtoto wake wa kwanza. "Hapa tunaanza na baruapepe."

"Ya nani?"

"Yako."

"Nani ataniandikia?"

Flaviana akacheka mpaka akashika meza. Lakini alimtengenezea. Wakajaza fomu, wakapiga picha katiba ya kikundi, namba ya mlipakodi, barua ya halmashauri, wakapakia yote kwenye mfumo wa manunuzi wa serikali. Mfumo ukagoma, ukakubali, ukagoma tena. Kwa ajili hiyo Mwamini alikwenda Kibaha mara sita: Masaki mpaka Kisarawe kwa bodaboda, Gongo la Mboto, Mbezi, Kongowe, na kurudi. Kila akirudi Sada anauliza, "Wamesemaje kuhusu fagio?" Na jibu ni lile lile: fagio bado hawajaliona.

Zabuni ya kwanza, Flaviana akauliza bei. Mwamini akamtajia bei ya kuanzia, ile ambayo muuzaji mwenye akili zake huitaja ili mnunuzi apate pa kushukia, kwa sababu mnunuzi asiposhushiwa hata kidogo harudi kwake na raha. Flaviana akaiandika, akabofya, ikaenda. Mwamini akarudi Masaki kungoja simu. Alijua itapigwa, mtu atasema, "Mama, mwisho ngapi?" na jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Mtandao pale kwao unakamata vizuri penye mkorosho wa uani, basi simu ikafungiwa kanga, ikaning'inizwa tawini siku tisa. Aliyepiga alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekosea namba.

"Wamempa mwingine," Flaviana akamwambia alipokwenda kuuliza.

"Bila kuniuliza mwisho ngapi?"

"Serikali haiulizi mwisho ngapi, mama. Unaandika mwisho moja kwa moja."

"Sasa huo ni ununuzi au ugomvi?"

Mara ya pili wakaandika mwisho moja kwa moja. Wakaanguka tena. Safari hii walitakiwa kuweka hati ya mapokezi, karatasi yenye mhuri inayothibitisha kwamba wamewahi kuiuzia serikali na mzigo ukapokelewa.

"Lakini haijawahi kuninunulia," Mwamini akasema.

"Ndiyo maana wamekukataa."

"Kwa hiyo mpaka inunue kwangu ndiyo itanunua kwangu?"

Flaviana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama Firdausi, mimi nachapa tu."

Hebu niambie wewe uliyesoma. Hiyo si sawa na kumwambia binti wa watu, hatukuposi mpaka uje na watoto wawili? Mwamini aliligeuza neno hilo njia nzima, Mbezi mpaka Masaki, hakuliona mwanzo wala mwisho. Lakini jambo moja alilishika: kuna karatasi. Ukiwa nayo unahesabiwa mtu, usipokuwa nayo hata ufunge fagio la dhahabu ni kazi bure. Basi akaitaka karatasi hiyo kwa moyo wote. Alipopita Kisarawe mjini akanunua fremu yenye kioo, akaiweka tayari, tupu, juu ya kabati.

Na haraka ilikuwepo. Wawili kwenye kikundi walikuwa wamesharudi porini kwenye mkaa. Sada akamwambia wazi, "Wifi, mimi sikufichi. Hili likishindikana narudi tanurini. Kifua changu unakijua, lakini na tumbo langu unalijua." Mwamini alimjibu kwa utani kama kawaida yao, akamwambia mkaa wenyewe utamkataa kwa uzee, lakini siku hiyo hakula.

Zabuni ya tatu ilitoka chuo kimoja cha serikali pale Kibaha. Ilikuwa ya vikundi peke yake, na haikuuliza uzoefu. Mafagio ya chelewa mia nne. Wakaandika mwisho moja kwa moja, wakabofya, na baada ya wiki tatu Flaviana akampigia akiwa anapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Wameshinda! Mwamini alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya makuti, akalia kidogo, kisha akaanza kutukana kwa furaha.

Kabla ya mkataba kulikuwa na tamko la kusaini. Flaviana akamsomea kwa sauti ya ofisini: sitatoa, sitaahidi wala sitakubali kutoa kwa mtumishi yeyote kitu chochote nje ya mkataba, kiwe fedha, zawadi au takrima.

"Mimi wa kumhonga mtu?" Mwamini akaangua kicheko. "Ningekuwa na cha kuhonga ungeniona na kandambili hizi?"

"Saini hapa. Na ukishasaini, hata peremende usimpe mtu, umenisikia? Watu wamefungiwa kwa soda."

"Nimekusikia."

Akasaini. Na niseme ukweli, hakudanganya. Alikisikia kila alichosomewa, na hakuna alipoona kinamhusu yeye.

Wakafanya kazi wiki tano. Makuti yakaparuliwa, chelewa zikaanikwa, mvua ikaja bila kualikwa zikaingizwa ndani, zikatolewa, zikaingizwa. Wale wawili wa mkaa wakarudi na macho mekundu wakaomba nafasi yao, wakapewa. Sada hakuigusa hesabu ya mia nne. Yeye alijitenga kibarazani na ukili wake wa zambarau na kijani, anafunga yale ishirini ya nyongeza, matatu kwa wiki, matano akiwa na nguvu. "Serikali haijawahi kupewa nyongeza na mtu wa Masaki," alisema. "Italiona fagio, iulize limefungwa na nani." Wakayafunga yote mizigo minne, kila mzigo mia na matano yake, na yale matano wakayaweka moyoni kabisa, katikati, yasipate vumbi la barabara.

Kwa sababu ya mvua, mzigo ulikwenda siku ya mwisho ya mkataba. Bilali, mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alikubali kuupeleka Kibaha kwa sharti kwamba awe ameachiwa ifikapo adhuhuri, kwani alikuwa na safari ya saruji. Wakafika chuoni saa tatu. Mwamini amevaa baibui jipya, mkoba kwapani.

Waliokuja kupokea walikuwa watatu. Mwenyekiti wao, bwana Laurean, mtu wa makamo, shati limenyooka, heshima tele. "Shikamoo mama, pole na safari." Wa pili mtunza stoo, dada mwembamba mwenye leja kubwa. Wa tatu kazi yake ilikuwa kuhesabu tu. Akahesabu mzigo wa kwanza kwa kugusa kila fagio, wa pili, wa tatu, wa nne. Akamnong'oneza Laurean.

"Mama, hapa kuna tatizo," Laurean akasema.

Mwamini akashtuka. "Yamepungua?"

"Yamezidi."

"Alhamdulillahi!" akacheka, mkono kifuani. "Baba, umenitisha. Hayajazidi. Ni mia nne na nyongeza yake."

"Nyongeza ya nani?"

"Ya mnunuzi."

"Mnunuzi ni serikali, mama."

"Ndiyo. Basi ni ya serikali."

Laurean akamtazama kwa upole, ule upole wa mtu anayeongea na mgonjwa. "Serikali haipokei nyongeza."

Jamani! Mwamini alidhani anataniwa. Pwani watani wapo kila kona, akamtafuta usoni kabila la watani wake asilione. Akaeleza upya, polepole, kwamba nyongeza hailipiwi, mtu asiogope, ni ya kupewa tu, bure, tena ndiyo mazuri kuliko yote. Kila alivyoeleza, Laurean alizidi kukunja uso. Alipofika kwenye "mazuri kuliko yote" yule wa kuhesabu akasogea hatua moja nyuma.

"Mama, ulisaini tamko?"

"Nilisaini."

"Lilisema usitoe chochote nje ya mkataba."

"Kwa mtu! Mimi nampa mtu hapa? Nimekupa wewe? Nimempa huyu dada? Nimetoa kwa mnunuzi, hadharani, mchana kweupe. Hongo gani inaletwa kwa kirikuu?"

Mtunza stoo akafungua leja, akamwonyesha kwa kalamu. Hakuwa mbaya, yule dada. Sauti yake ilikuwa ya huruma. "Mama yangu, tazama. Hapa kuna mia nne. Hayo ishirini niyaandike wapi? Siku mkaguzi akija akute mafagio ishirini hayana karatasi, ataniuliza nimeyatoa wapi."

"Mwambie umepewa."

"Hapo ndipo kesi inapoanza."

Mwamini akakaza mkoba kwapani. Alitazama leja, akamtazama dada, akamtazama Laurean. Aliona watu watatu wenye akili timamu, waliozaliwa na mama kama yeye, na wote watatu kwa hakika wamewahi kwenda sokoni wakamwambia muuza nyanya aongeze moja. Sasa nani amerogwa hapa, wao au mimi?

"Nisikilize, mama," Laurean akasema, akitazama saa. "Mkataba unakwisha leo. Nikiandika idadi hailingani, mzigo unarudi, zabuni imeharibika, na jina la kikundi chenu linabaki kwenye mfumo kwamba mmeshindwa. Mimi sipendi nifike huko. Toa yaliyozidi, niyapokee mia nne, nikuandikie hati yako. Basi."

Hati. Mwamini aliiona fremu juu ya kabati. Alimsikia Sada akikohoa. Bilali naye huku nyuma ameshaanza kupiga honi kidogo kidogo.

"Na yaliyozidi ni yapi?" akauliza yule wa kuhesabu.

Hapo ndipo lilipomwingia. Yale matano hayakuwa juu juu ya kuchomoa. Yalikuwa moyoni. Akapiga magoti kwenye sakafu ya stoo na baibui lake jipya, akafungua mzigo wa kwanza, kamba aliyoikaza mwenyewe kwa meno, akapenyeza mkono katikati akayatoa matano ya ukili. Akafunga. Akafungua wa pili. Bilali alikuja kumsaidia akifoka, "Mama, si uchomoe yoyote tu, fagio ni fagio!" Mwamini akamgeukia. "Nikichomoa yoyote, haya yatabaki humu yakiitwa ya kununuliwa. Nyongeza hainunuliwi, wewe!" Bilali akanyoosha mikono juu akarudi kwenye gari. Mwamini alifungua yote minne. Aibu aliyoisikia ni ya mtu anayekwenda kumwekea mgeni kitoweo, kisha anapenyeza mkono anakitoa mbele ya macho yake. Na mgeni anashukuru.

Wakahesabu tena. Mia nne. Nyuso zote tatu zikafunguka. Laurean akajaza hati, akasaini, wenzake wakasaini, mhuri ukagongwa, pwaa. Akampa kwa mikono miwili. "Hongera sana, mama. Mafagio mazuri kabisa haya. Zabuni nyingine mtuombe tena, sasa mna uzoefu."

Bilali alikuwa ameshusha yale ishirini nje ya geti na kuondoka kwenye saruji yake. Mwamini akabaki kando ya barabara na fungu lake la ukili wa rangi, na hati ndani ya mkoba. Alitaka kufurahi, furaha ikawa haishuki. Akamwita mlinzi achukue moja la nyumbani kwake. Mlinzi akaangalia getini kwanza. "Nitaulizwa, mama." Kulikuwa na mwanamke anauza maembe, Mwamini akampelekea mawili, bure, apunguziwe mzigo. Mwanamke akarudisha mikono nyuma. "Fagio la bure? La mtu nisiyemjua? Sijui limesomewa nini! Hapana, mama, samahani." Na hapo hawezi kulaumiwa mtu, hata Mwamini mwenyewe asingelipokea.

Basi akakaa juu ya jiwe akatoa hati aisome vizuri. Alikuta jina la kikundi, tarehe, namba ya mkataba. Bidhaa zilizopokelewa: 400. Pungufu: Hakuna. Ziada: Hakuna. Akarudia ule mstari wa mwisho, akaurudia tena.

Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyojua, maana saa tisa na nusu wafanyakazi wakaanza kutoka. Laurean alikuwa miongoni mwao, amekunja mikono ya shati, begi begani, uso wa mtu aliyemaliza kazi. Alipomwona alifurahi. "Mama, bado upo! Haya ndiyo yale? Aisee." Akaliokota moja, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukili. "Nani anafunga hivi? Mke wangu atalipenda hili. Nipe mawili. Bei ile ile?"

"Bei ile ile."

Akalipa. Akayaweka kwapani. Halafu hakuondoka. Alisimama hapo, anatabasamu, kiganja wazi, kama kila mnunuzi aliyewahi kusimama mbele ya Mwamini tangu utoto wake.

"Na nyongeza yangu je, mama?"

Mkono wa Mwamini ulikuwa umeshatoka wenyewe. Haukuomba ruhusa. Ulikuwa umeshalishika fagio la tatu ndipo akili ikaukuta njiani, na kwapani mkoba ukambana, na ndani ya mkoba ile hati.

"Si ulisema huko ndani..."

"Ah!" Laurean akacheka, hana hata chembe ya ubaya. "Huko ndani ni serikali, mama. Hapa nje ni Laurean tu."

"Na mimi?" Mwamini akauliza, na alikuwa anauliza kweli, anataka kujibiwa. "Mimi hapa nje ni nani? Nitajuaje aliyetoka getini ni yupi?"

Laurean alidhani ni mzaha wa Kizaramo, akacheka zaidi. Mwamini alitazama geti, alitafuta kwa macho ule mstari ambao ukiuvuka nyongeza inageuka kesi na ukiurudia kesi inageuka nyongeza. Aliona vumbi, na chuma kilichopakwa rangi ya bluu. Akamsikia Flaviana: hata peremende. Akakisikia kifua cha Sada. Akalirudisha fagio chini.

"Hakuna nyongeza, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Una roho ngumu wewe mama!" Laurean akasema kwa utani mtupu, akaenda zake kupanda gari na mafagio yake mawili. Mwamini akabaki anamwangalia. Alitamani amkimbilie, ampe yote kumi na nane, ampe na baibui. Hakuinuka.

Alilala kwa Flaviana, ambaye aliipiga picha ile hati, akaipakia kwenye mfumo, akaimba beti mbili za kwaya. "Sasa umekuwa mzabuni, Mama Firdausi. Una ushahidi!" Mwamini akaitikia ndiyo. Alimwachia Flaviana fagio moja la ukili, kisha akauliza mara mbili kama mstaafu naye ni mtumishi.

Kesho yake mchana alifika Masaki. Kikundi kizima kilikuwa kibarazani, na Sada mbele yao, nyundo mkononi, msumari mdomoni, fremu ameshaifuta kioo. Walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Hati ikapita mkono kwa mkono. Ikafika kwa Sada, aliyeutema msumari akasoma polepole, kwa kidole, neno baada ya neno, mpaka chini.

"Wifi," akasema. "Mbona hapa wameandika hatukuwapa ziada?"

Sada akaliona fungu la ukili wa zambarau na kijani nyuma ya bodaboda, akalitazama, akarudi kwenye karatasi. Alikohoa kidogo, akaitia hati kwenye fremu, akaingia nayo sebuleni, akaipima ukutani, ule ukuta unaotazamana na picha.

"Hapa inakaa vizuri," akasema. "Kila anayeingia ataiona."

"Si ukuta huo, wifi."

"Kwa nini?"

Mwamini alikuwa amesimama mlangoni, bado ana mkoba kwapani, anamtazama bi Kudra pale juu, na kanga yake, na macho yake yaliyokaza.

"Mama ataisoma."

Wakaitundika chumbani, nyuma ya mlango.